Kumbukumbu ya Nusu si Kumbukumbu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Oktoba, sisi watu wa Kigoma tunakuwa na matanga matatu yanayofuatana. Tarehe 13 majirani zetu wa Burundi humkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi mwaka 1961. Tarehe 14 sisi humkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Tarehe 21 Warundi hurudi tena makaburini, safari hii kumkumbuka Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa na askari wa jeshi lake mwenyewe mwaka 1993. Nataka kuzungumza juu ya matanga haya ya tatu, kwa sababu yalipita mlangoni pangu, na kwa sababu naamini kwamba yanakumbukwa vibaya.

Najua kauli hiyo itawaudhi watu. Nina miaka sabini na mitano, na karibu arobaini kati ya hiyo nimekula mshahara wa ualimu. Nimekwisha kuudhi wazazi, wakaguzi na maafisa elimu kwa mambo madogo kuliko hili. Acha niudhi tena.

Kwanza niwaeleze vijana, maana wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Tarehe 1 Juni 1993 Warundi walimchagua rais kwa kura ya vyama vingi. Ndadaye wa chama cha FRODEBU alipata asilimia 65 hivi ya kura, akamshinda Meja Pierre Buyoya wa UPRONA, ambaye ndiye aliyekuwa madarakani. Tarehe 29 Juni wakachagua Bunge. FRODEBU ilipata viti 65 kati ya 81, na UPRONA viti 16. Tarehe 10 Julai Ndadaye akaapishwa. Alikuwa na umri wa miaka 40. Wenzangu walimu watapenda kujua kwamba katika ujana wake alikuwa anasomea ualimu, mpaka mauaji ya mwaka 1972 yalipomkimbiza kwenda Rwanda. Alikuwa Mhutu, wa kwanza wa kabila lake kuwa rais wa nchi hiyo. Na waziri mkuu aliyemteua, Bibi Sylvie Kinigi, alikuwa Mtutsi, tena kutoka chama kile kile kilichoshindwa. Watu walianza kuvuta pumzi.

Pumzi hiyo ilidumu miezi mitatu na siku chache. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba askari wenye vifaru waliizingira ikulu mjini Bujumbura. Rais alipelekwa kambini, akauawa huko. Makundi mengine ya askari yaliwaendea viongozi majumbani mwao. Waliuawa Pontien Karibwami, Spika wa Bunge. Gilles Bimazubute, Naibu Spika. Juvénal Ndayikengurukiye, waziri aliyehusika na utawala wa mikoa. Na Richard Ndikumwami, mkuu wa idara ya usalama. Mke wa waziri wa mambo ya nje aliuawa naye. Waziri mkuu aliponea katika ubalozi wa Ufaransa. Baada ya siku chache tu wenye bunduki waliona kwamba hakuna serikali ya nje inayowatambua wala raia wanaowataka, wakarudi nyuma. Ndiyo maana vitabu huliita tukio hilo jaribio la mapinduzi.

Sisi walimu neno jaribio tunalijua. Ni mtihani mdogo wa Ijumaa, ambao mwanafunzi akishindwa hupewa mwingine Ijumaa inayofuata. Jaribio hili lilishindwa Bujumbura, lakini lilikuwa limekwisha kuiwasha nchi. Habari za kifo cha rais zilipofika vilimani, Watutsi wengi waliuawa na majirani zao: wanaume, wanawake na watoto wao. Kisha jeshi likapanda vilima hivyo hivyo na kuwaua Wahutu bila kuuliza nani alifanya nini. Wakafa makumi ya maelfu. Mamia ya maelfu wakavuka mipaka, na wengi wao tuliwaona kwa macho yetu katika barabara za Kibondo, Kasulu na Kigoma, mama kabeba mtoto mgongoni na mtoto kabeba sufuria. Vita iliyofuata ilichukua zaidi ya miaka kumi, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 300,000 waliokufa.

Sasa nauliza swali ambalo mwalimu yeyote angeuliza darasani. Kama shabaha ilikuwa rais, kwa nini waliuawa Spika na Naibu Spika? Watu hawa hawakuwa na jeshi wala polisi. Kazi yao ilikuwa kusema nani azungumze na nani akae chini. Jibu liko katika katiba ya Burundi ya mwaka 1992. Katiba hiyo ilisema kwamba nafasi ya rais ikiwa wazi, Spika ndiye atakayeshika madaraka kwa muda. Kumwua rais peke yake kungemweka Karibwami ikulu kabla jua halijatua. Kumwua Karibwami na kumwacha Bimazubute kungeliachia Bunge mtu wa kuliitisha. Kwa hiyo wakamaliza kazi yote usiku mmoja. Walioipanga kazi ile walikuwa wameisoma katiba yao vizuri kuliko wengi wetu tunavyoisoma yetu.

Kwa maana hiyo, tarehe 21 Oktoba 1993 Bunge ndilo lililopigwa risasi. Na hapa pana jambo ambalo nimelisema mara nyingi katika vikao na mara nyingi limepokewa kwa kimya. Karibwami alikuwa Mhutu. Bimazubute alikuwa Mtutsi. Waliketi viti viwili vinavyofuatana katika Bunge moja, kwa tiketi ya chama kimoja, na waliuawa usiku mmoja na watu wa upande mmoja. Mtu anayesema kwamba siku ile ilikuwa siku ya kabila moja kufiwa na kabila jingine kuua, na anieleze amemweka wapi Bimazubute.

Lakini sitaki kujifanya kwamba nililiona jambo hili tangu mwanzo. Mwaka 1993 nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu mkoani Kigoma, baada ya miaka kadhaa ya kuongoza shule. Wakimbizi walipoanza kuingia, mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza darasani: "Mwalimu, hawa wanauana kwa nini?" Nilimjibu kwamba ni ugomvi wa siku nyingi wa Wahutu na Watutsi, nikageukia ubaoni kuendelea na somo. Jibu lile lilikuwa la uvivu. Nililitoa mbele ya vijana zaidi ya thelathini, nao walimaliza chuo wakaenda kufundisha katika shule za mpakani, ambako darasani mwao waliketi watoto wa wakimbizi. Hesabu wenyewe ni watoto wangapi wamelisikia jibu langu. Haya ninayoandika leo ni masahihisho, nayo yamechelewa.

Aliyenifumbua macho alikuwa mama mmoja mkimbizi. Miaka miwili baadaye nilialikwa katika kambi moja wilayani Kasulu kuhudhuria kumbukumbu ya tarehe 21 Oktoba. Walinialika kwa sababu nilikuwa nawasaidia walimu wao kupanga masomo, na kwa sababu mimi ni Muha, na Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Ibada ilikuwa nzuri. Ziliimbwa nyimbo, rais alisifiwa kwa haki, na watu walisimama mmoja mmoja kutaja jamaa zao waliouawa na jeshi. Nililia pamoja nao.

Watu walipoanza kutawanyika, mama huyo alinifuata nyuma ya jengo la makuti lililokuwa darasa. Alikuwa Mtutsi aliyeolewa na Mhutu, na alikuwa amekimbia pamoja na mumewe. Alisema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, na mimi nina mtu wangu wa tarehe hiyo hiyo. Mdogo wangu alikuwa shuleni. Nikamtaje wapi?"

Nilikwenda kwa mzee aliyeongoza shughuli ile, mtu mwema niliyemheshimu, nikamwomba kwamba mwaka ujao mama yule naye apewe nafasi. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo la wakubwa. "Mwalimu," alisema, "wewe ni mgeni wetu. Hapa tunalia wetu." Mwaka uliofuata sikualikwa.

Mdogo wake mama yule alikuwa mwanafunzi wa Kibimba. Nimefika Kibimba. Mwaka 2013, nilipokuwa nimestaafu, nilipanda basi kupitia Manyovu, nikapita Nyanza-Lac kandokando ya ziwa hadi Bujumbura, na kesho yake nikapanda milima kwa barabara ya Gitega. Shule ipo karibu na barabara hiyo. Kando ya barabara pana kituo cha mafuta, na hapo ndipo tarehe 21 Oktoba 1993 wanafunzi Watutsi wa shule ile, pamoja na baadhi ya walimu wao, walipofungiwa ndani ya jengo na kuchomwa moto. Siku hizi pana mnara wa kumbukumbu wenye maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba jambo hili lisitokee tena kamwe. Mkuu wa shule ile alishtakiwa, mahakama ikamtia hatiani, na akanyongwa mwaka 1997.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho kwa mkono mzito. Mimi nimekaa katika ofisi kama ile. Najua jinsi mzazi anavyokuja Januari na mtoto wake, godoro kichwani, na kusema: "Mwalimu, huyu sasa ni wako." Hana hati yoyote anayodai kwako, ana imani tu. Nilisimama mbele ya mnara ule nikiwaza kwamba kazi yangu yote ya maisha inategemea imani hiyo, na kwamba mahali hapa iliteketezwa pamoja na watoto. Yeyote anayeniambia kwamba watoto wale si sehemu ya msiba wa tarehe 21 Oktoba, mimi na yeye hatutaelewana hadi kaburini.

Hata hivyo sikiliza yaliyonipata pale pale Kibimba. Nilikuwa na mzee mmoja wa eneo lile, naye alipoteza jamaa mahali hapo. Baada ya kunyamaza kwa muda nilimwuliza kama siku ya kumbukumbu huwa wanawataja pia rais, Spika na Naibu Spika, ambao waliuawa usiku uliotangulia moto huu. Alitikisa kichwa. "Hao wana siku yao na watu wao," alisema. "Hapa ni petu." Nilidhani namsikia yule mzee wa kambini. Watu wawili ambao hawakupata kuonana, kila mmoja ana uchungu wa kweli, na wote wawili wamejenga ukuta ule ule katikati ya makaburi ya siku moja.

Kwa hiyo mpaka leo tarehe moja ina makutano mawili. Serikali huweka mashada kwa ajili ya Ndadaye na wenzake, na siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Uwanja wa ndege wa Bujumbura umepewa jina lake tangu mwaka 2019. Siku hiyo hiyo wengine hukusanyika kwa ajili ya waliouawa vilimani. Kila upande una wimbo wake na hesabu yake ya waliokufa. Mtoto wa Burundi aliyezaliwa baada ya vita hujifunza msiba wa nyumbani kwao, na msiba wa jirani huusikia kama tusi. Hiyo naiita kumbukumbu ya nusu, na kumbukumbu ya nusu hufanya kazi moja tu: huutunza uchungu hadi utakapohitajika.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, kwa sababu nimekwisha kuyasikia yote.

Wa kwanza husema: Mzee, usifukue makaburi. Yaliyopita si ndwele. Huyu namjibu kwa methali nyingine, maana methali tunazo za kutosha pande zote. Mficha maradhi kifo humuumbua. Burundi imejaribu kunyamaza kuliko nchi nyingi. Mwaka 1972 Wahutu waliuawa kwa maelfu mengi, na baada ya hapo ikawa mwiko hata kuomboleza hadharani. Mimi nilitoka chuoni mwaka huo huo, na mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha watoto waliokuja kutoka upande ule. Hawakusema lolote, lakini mlango ukipigwa na upepo waliingia chini ya madawati. Je, kimya kile kiliwaponya? Miaka ishirini na mmoja baadaye tuliona kilichokuwa kimelala ndani yake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wa pili husema: Rais ni rais. Huwezi kumtaja mkuu wa nchi katika pumzi moja na mwanafunzi wa kidato. Namjibu kwamba huyu hajaielewa kura. Siku ile ya Juni, karatasi ya Ndadaye ilikuwa moja, na ya mkulima wa kilimani ilikuwa moja. Bunge ni nyumba ya hao wakulima, na Spika hukalia kiti kwa niaba yao. Ukiliheshimu Bunge lililouawa bila kuwaheshimu wenye Bunge, umeheshimu samani. Wapo pia wanaopenda kusema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hiyo nimeichoka. Wanafunzi wa Kibimba hawakuwa nyasi, wala Wahutu waliopigwa risasi wakiwa shambani hawakuwa nyasi. Walikuwa na majina, na majina yao yaliandikwa katika vitabu vya mahudhurio, vya ubatizo na vya kodi.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito, na sitamdharau. Husema: Ukiwataja wote pamoja unawachanganya. Unaufanya uovu wa waliopindua ulingane na hasira ya waliofiwa. Au kwa upande mwingine, unayafanya mauaji ya kukusudia ya Watutsi yaonekane kuwa ajali ya vita. Namjibu hivi. Orodha ya waliouawa na orodha ya wauaji ni vitabu viwili tofauti. Katika kitabu cha wauaji, kila mtu na abebe mzigo wake. Tume ya kimataifa ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, iliyotoa ripoti yake mwaka 1996, haikuona haya kuyasema yote: kwamba mauaji ya rais yalipangwa na maofisa wa jeshi, kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vilitendwa dhidi ya Watutsi, na kwamba jeshi nalo liliwaua Wahutu bila kubagua. Aliyemwua Spika atajibu kwa ajili ya Spika. Aliyemchoma mtoto atajibu kwa ajili ya mtoto, na hawezi kusema kwamba alisikitikia kifo cha rais. Lakini katika kitabu cha waliouawa hakuna safu ya kabila, kama vile hakuna safu ya kabila katika kitabu changu cha mahudhurio.

Wa nne husema tuiachie mahakama. Mahakama ilianza kazi. Mwaka 1999 wanajeshi kadhaa walihukumiwa Bujumbura kwa jaribio lile. Oktoba 2020, miaka 27 baada ya tukio, Mahakama Kuu ya Burundi ilimhukumu Buyoya mwenyewe kifungo cha maisha, akiwa hayupo mahakamani. Yeye aliikataa hukumu hiyo, na alifariki Desemba mwaka huo huo. Nusu ya nchi ilisema haki imechelewa lakini imefika. Nusu nyingine ilisema ni kisasi cha wenye madaraka wa leo. Sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Nataka msomaji aone kitu kimoja: hata hukumu ilipotoka, mama wa Kasulu hakupata mahali pa kumtaja mdogo wake. Mahakama humwita mshitakiwa. Kazi ya kumwita marehemu ni ya wananchi, na haiwezi kukasimiwa kwa hakimu.

Wa tano yuko hapa hapa kwetu. Husema: Wewe ni Mtanzania, mambo ya Warundi yanakuhusu nini? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo walivyosema wahenga, na huyu anauona mwepesi kwa sababu hajaubeba. Sisi tumeubeba. Misitu yetu ilikatwa kwa kuni za kambi, shule zetu zilijaa, vijana wetu waliona bunduki zikiuzwa. Mwalimu Nyerere alitumia miaka yake ya mwisho kuwapatanisha, akafa kabla ya kazi kwisha, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Tuligharimia amani yao kwa muda na kwa mzee wetu. Tuna haki ya kuuliza ikiwa inatunzwa vizuri. Na isitoshe, tunalo Bunge nasi. Nchi isiyojua kwamba Bunge linaweza kuuawa kwa usiku mmoja haiwezi kulilinda hata mchana.

Basi nifanyeje, mtu wa umri wangu? Nina mapendekezo mawili, nayo hayahitaji fedha za wafadhili.

La kwanza ni kwa Warundi, nami nalitoa kama jirani aliyeshiriki matanga yao. Tarehe 21 Oktoba Bunge lao na likutane. Kisianze kikao mpaka majina yamesomwa: aanze Karibwami, afuate Bimazubute, kisha rais, kisha wenzao wa usiku ule, halafu wasomwe waliouawa vilimani, wa Kibimba na wa kila tarafa, waliouawa na majirani na waliouawa na jeshi, kwa mpangilio wa alfabeti, jina la baba baada ya jina la mtoto, na hakuna kutaja kabila. Majina hayatakwisha kwa siku moja. Waendelee mwaka unaofuata pale walipoachia. Mbunge atakayechoka kusikiliza atakuwa amejifunza uzito wa kiti alichokalia.

Wataniambia haiwezekani, kwamba watu watagombana juu ya nani aingie katika orodha. Lakini mfano upo katika mji wao wenyewe. Katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni na msikitini, Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi pamoja mitaa mingine ilipokuwa inasafishwa kabila kwa kabila, na waliokuwa wanafukuzwa kwingine walipata hifadhi pale. Watu wa Buyenzi si malaika. Lakini jirani akifa walikwenda kumzika, na hawakuuliza kwanza.

La pili ni kwa walimu wa upande wetu, hasa wale niliowafundisha. Nawaomba mrudi darasani mkasahihishe. Mtoto akiuliza Warundi waliuana kwa nini, msimpe jibu nililowapa mimi. Mwambieni kwamba kulikuwa na uchaguzi, na watu fulani wenye silaha hawakuukubali. Mwambieni habari za Spika na Naibu wake. Mwambieni habari za wanafunzi wa Kibimba, tena mwambieni kwamba mtu aliyetiwa hatiani alikuwa mkuu wa shule, ili ajue kwamba elimu peke yake haimzuii mtu. Mwambieni habari za wakulima waliokufa wakikimbia jeshi lililopaswa kuwalinda. Yote katika kipindi kimoja. Dakika arobaini zinatosha, nimejaribu.

Mimi mwenyewe nina utaratibu wangu. Kila tarehe 21 Oktoba, asubuhi kabla ya chai, hukaa barazani na kutaja majina machache kwa sauti. Huanza na yale mawili ya Bunge. Mwishoni hutaja jina la kijana wa Kibimba, ambalo dada yake alinipa siku ile nyuma ya darasa la makuti. Sitaliandika hapa, kwa sababu ni mali ya ukoo wake na ni wao wanaopaswa kulitoa. Kambi ile ilikwisha kufungwa, na mama yule alirudi kwao pamoja na mumewe. Anachohitaji sasa ni mtu wa kumwambia, mbele ya watu, mahali pa kusimama na kulitaja.